Mungu, Mteteaji na Mkombozi wa Nafsi

Neno hili "kukomboa" hatukulipata kanisani. Wazee wetu walikuwa nalo kabla ya kuja kitabu. Mtu aliyepatwa na haja aliweka shamba lake rehani, au mbuzi, au jembe. Na siku alipojaliwa kupata fedha akaenda kukikomboa kitu chake. Hakukinunua, kwani mtu hanunui kilicho chake. Tena katika miaka ya njaa kuu zilikuwako nyumba zilizoweka rehani hata mtoto, ili wengine wapate chakula. Aliyekwenda kumkomboa mtoto yule hakuwa mgeni apitaye njiani. Alikuwa mjomba, au baba mdogo, mtu ambaye hakuweza kulala usingizi maadamu damu yake inafua nguo za watu wengine.

Neno "kutetea" nalo ni la barazani. Mwenye shauri, akiwa mnyonge wa maneno, humtafuta mtu mwenye ulimi asimame upande wake na kusema.

Basi hayo ni maneno mawili, na kazi zake ni mbili. Awezaye kunitetea huenda hana hata senti ya kunikomboa, na mwenye fedha huenda hajui kufumbua kinywa mbele ya watu. Lakini ukifungua kitabu cha Maombolezo, sura ya 3, aya ya 58, utayakuta yote mawili yamekaa pamoja. Mwenye kuomba amwambia Bwana kwamba ameyatetea mashauri ya nafsi yake, na papo hapo aongeza kwamba ameukomboa uhai wake. Aya yenyewe ni fupi sana, na msomaji wa haraka huipita kama apitavyo kijiwe njiani. Mimi imenishika miaka mingi, na mwezi huu naomba ruhusa ya wasomaji nikae nayo.

Kwanza tukumbuke maneno hayo yalisemwa wapi. Yerusalemu uliangushwa na majeshi ya Babeli mwaka 587 kabla ya Kristo, na wataalamu wengine husema ni 586. Hekalu likachomwa, kuta zikabomolewa, watu wakachukuliwa mateka. Kitabu cha Maombolezo ni kilio cha walioyaona hayo. Walakini si kilio cha ovyo. Sura ya tatu ina aya 66, nazo zimepangwa kwa herufi 22 za Kiebrania, aya tatu kwa kila herufi, tangu ya kwanza hata ya mwisho. Mtu yule alilia, lakini aliliweka kila chozi mahali pake. Nadhani alifanya hivyo ili watu wapate kukishika kilio chake kwa moyo na kukiimba hata ugenini, mahali ambapo hapana kitabu.

Katika sura hiyo hiyo asema kwamba adui zake walimtupa shimoni wakamrushia mawe, maji yakampita kichwani, akajiona amekwisha. Kutoka chini shimoni akaliita jina la Bwana. Mapokeo ya zamani yasema mwandishi ni nabii Yeremia. Wataalamu wa siku hizi wengi hawana hakika ya jambo hilo, wala mimi sitabishana nao. Ila naona kwamba waliosema hivyo zamani walikuwa na sababu, kwa maana Yeremia alilijua shimo si kwa mfano.

Habari yake imeandikwa katika sura ya 38 ya kitabu chake. Mji ulikuwa umezingirwa. Yeremia akawaambia watu kwamba mji utatekwa, na mwenye kutoka na kujitia mikononi mwa Wakaldayo ataishi. Wakuu wakakasirika, wakasema anailegeza mikono ya askari. Mfalme Sedekia akawaambia, yu mikononi mwenu, mimi siwezi kuwazuia. Hebu angalia neno hilo linavyotoka katika kinywa cha mfalme! Ndipo wakamshusha Yeremia kwa kamba katika birika uani mwa walinzi. Hamkuwa na maji ndani yake, bali tope, naye akazama topeni. Hawakumkata kwa upanga. Walitaka afe polepole, mahali ambapo mtu hasikii.

Mtu mmoja akasikia. Jina lake Ebedmeleki, naye alikuwa Mkushi, mtumishi katika nyumba ya mfalme. Kushi ni nchi iliyokuwa kusini ya Misri, katika bonde la mto Nili, pande za Sudani ya leo. Basi huyu aliyeinuka kumtetea nabii wa Israeli alikuwa mtu wa Afrika, mgeni mjini, mtumishi asiye na ukoo wa kumkinga kama maneno yake yangemgeukia. Hakungoja usiku. Mfalme alikuwa ameketi penye lango la Benyamini, yaani barazani, mbele ya macho ya watu. Ebedmeleki akamwendea pale pale akasema kwamba watu hawa wametenda mabaya katika yote waliyomtenda Yeremia, na kwamba atakufa kwa njaa. Mfalme yule yule aliyesema hawezi, akaweza. Akamwamuru achukue watu thelathini akamtoe nabii kabla hajafa.

Sasa lile ambalo napenda kuwasomea wanafunzi kila mara. Ebedmeleki hakukimbilia shimoni na kamba tu. Alipita kwanza chini ya hazina ya mfalme, akaokota matambara na nguo kuukuu, akazishusha kwa kamba, akamwambia Yeremia azitie chini ya makwapa yake, kati ya mwili na kamba. Kisha wakamvuta. Mtu aliyedhoofika kwa njaa, aliyenatwa na tope, akivutwa kwa kamba tupu huchunika ngozi. Yule Mkushi aliliwaza jambo hilo mapema, alipokuwa angali njiani. Mahali hapo hakuna muujiza wala malaika. Pana matambara tu, nami nayahesabu miongoni mwa mambo mazuri yaliyoandikwa katika Biblia.

Hivyo ndivyo Yeremia alivyojua kutetewa. Na kukomboa alikujua pia, katika siku zile zile. Sura ya 32 yaeleza kwamba alipokuwa amefungwa katika ua wa walinzi, Hanameli, mwana wa Shalumu ndugu ya baba yake, alimjia akamtaka anunue shamba lililoko Anathothi, kwa kuwa haki ya kulikomboa ilikuwa yake. Fikiri, msomaji. Adui wameizunguka nchi, mashamba yote yamo mikononi mwao, naye mfungwa aambiwa akomboe shamba! Akapima shekeli 17 za fedha, akaandika hati mbele ya mashahidi, moja yenye muhuri na moja iliyo wazi, akampa Baruku azitie katika chombo cha udongo zipate kudumu siku nyingi.

Sheria ya jambo hilo imo katika Mambo ya Walawi, sura ya 25. Ndugu yako akiwa maskini akauza sehemu ya urithi wake, jamaa wa karibu na aje akakomboe. Ndugu yako akijiuza mwenyewe kwa mgeni, jamaa wa karibu aweza kumkomboa. Mtu huyo Waebrania humwita goeli. Ndiye Boazi alivyokuwa katika habari za Ruthu, alipoketi langoni pa Bethlehemu mbele ya wazee kumi, na yule jamaa aliyekuwa karibu kumpita yeye akavua kiatu na kujitoa katika shauri.

Kazi ya goeli haikuwa kulipa tu. Alisimama upande wa jamaa yake katika kila jambo ambalo peke yake hakuliweza. Kwa sababu hiyo waliofasiri Biblia kwa Kiswahili walipata taabu na neno hili. Katika Isaya waliandika "Mkombozi". Lakini katika Ayubu 19:25, penye neno lile lile la Kiebrania, Biblia ya Union iliyotoka mwaka 1952 imeandika "Mteteaji". Wengine hudhani mahali pamoja pamekosewa. Mimi nasema walifanya vema pote, maana neno moja la Kiebrania limebeba mizigo miwili, na Ayubu pale alikuwa akitafuta wa kumsemea. Tena ukisoma Mithali 23, aya ya 10 na 11, utaona mambo hayo mawili katika jambo la shamba: mtu asiondoe mpaka wa kale wala asiingie katika shamba la yatima, kwa kuwa Mkombozi wao ni hodari, naye atawatetea.

Nalifahamu maana ya aya zile zaidi mwaka juzi, kuliko miaka yote niliyozifundisha. Katika kijiji chetu mjane mmoja alikuwa na kihamba kidogo, migomba na kahawa chache. Mumewe alipokuwa mgonjwa alichukua fedha kwa jirani, akaweka kihamba rehani. Mume akafa. Jirani akasema si rehani bali aliuziwa, na asubuhi moja masale ya mpakani yakaonekana yamehamishwa hatua kadha wa kadha. Shauri likaletwa mbele ya wazee, nami nilikuwa mwandishi. Mama yule aliitwa aseme. Akasimama. Midomo ikamtetemeka, akashika ncha ya kanga yake, akaketi tena bila kutoa neno.

Ndipo akainuka shemeji yake, ndugu mdogo wa marehemu, mtu mkulima asiye na makuu. Akawaita mashahidi kwa majina, akataja siku fedha zilipohesabiwa, akauliza ni baba gani mwenye watoto wanne auzaye mahali wanapolala. Wazee wakatikisa vichwa kwa kukubali. Ikajulikana ni rehani. Mama akashusha pumzi. Lakini mzee wa baraza akasema, "Tumesikia, mwanangu. Kihamba hakikuuzwa. Walakini fedha zilichukuliwa kweli, nazo hazijarudishwa. Deni ni deni." Pakawa kimya. Maneno yote mazuri ya shemeji yalikuwa yamefika mwisho wake, kwa kuwa deni lilikuwa la kweli. Shemeji akaomba siku saba. Siku ya saba akaja na fedha. Alikuwa ameuza mtamba wake, ng'ombe pekee aliyekuwa naye. Akaziweka mezani, zikahesabiwa, nikaandika.

Mama akamwambia, "Shemeji, na karo ya watoto wako?" Akajibu, "Mungu yupo, mama." Basi.

Jumapili ile tuliposoma Maombolezo katika darasa la watu wazima, niliwakumbusha jambo hilo, maana wote walikuwa wamelisikia. Mzee mmoja, ambaye huuliza maswali magumu kuliko wachungaji, akainua fimbo yake.

"Mwalimu, hapo umenipoteza. Shemeji ya mama yule hakuwa mzee wa baraza. Alisimama chini, wazee wameketi. Sasa Mungu ndiye aketiye kitini. Mwenye kuketi akiinuka akamsemea mmoja, yule wa pili atapata haki wapi?"

Nikamwambia, "Babu, swali lako ni la haki."

Na kweli ni la haki. Tena nimeona vitabu vingi vya dini vikilipita pembeni. Hakimu akiwa ndiye wakili, kwa desturi zetu shauri limeharibika.

Jibu la kwanza ni kwamba Waisraeli hawakumwona hakimu kama sisi tunavyomwona, mtu akaaye mbali kwa hofu asielekee upande wowote. Hakimu kwao ni yule ainukaye kumrudishia aliyeonewa haki yake. Waamuzi wao, kina Gideoni na Debora, waliitwa kwa neno lilo hilo. Kwa hiyo katika Zaburi mara nyingi mtu amwomba Mungu amhukumu, na aomba kwa furaha, kama mgonjwa aombavyo mganga aje. Mnyonge hamwogopi hakimu wa kweli. Anachoogopa ni hakimu asije.

Jibu hilo lamfaa aliyeonewa. Lakini je, yule ambaye deni lake ni la kweli? Mwombolezaji mwenyewe hakujificha. Katika aya ya 42 ya sura ile ile amekiri kwamba wameasi na kukosa. Hapo ndipo penye uzito. Nabii Zekaria, katika sura ya 3, aliona baraza mbinguni. Yoshua kuhani mkuu amesimama mbele ya malaika wa Bwana, na Shetani mkono wake wa kuume ili amshitaki. Na jina Shetani maana yake kwa Kiebrania ni mshitaki au mpinzani. Yoshua amevaa nguo chafu. Tazama vema: hakuna asemaye kwamba nguo zile ni safi. Mshitaki hakusema uongo. Bwana amkemea, kisha aamuru nguo chafu zivuliwe na Yoshua avikwe mavazi mengine. Kutetea bila kuvua kungalikuwa maneno matupu, kama hotuba ya shemeji kabla ya mtamba kuuzwa.

Haya yote Wakristo huyasoma kwa kumtazama Yesu Kristo. Yohana katika waraka wake wa kwanza, sura ya 2, amwita mwombezi wetu kwa Baba, naye atumia neno la Kiyunani, parakletos, lililo maana yake mtu aliyeitwa kusimama kando ya mwingine. Neno hilo hilo katika Injili yake limefasiriwa "Msaidizi", likimhusu Roho Mtakatifu. Lakini Yohana hakuishia hapo. Mara moja ataja upatanisho kwa dhambi zetu, yaani gharama. Mwombezi huyu hasemi mbele ya kiti kwamba wateja wake hawadaiwi. Na yeye mwenyewe alipopelekwa barazani kwa Pilato hakuwa na wa kumtetea. Wanafunzi walikuwa wamekimbia. Mathayo aeleza kwamba mke wa Pilato alituma neno kwa ajili yake, lakini hakufika, na neno lake halikufuatwa. Mzee wangu aliposikia hayo akasema polepole, "Kumbe aliyeketi alishuka, akasimama mahali pa kusimama." Sikuwa na la kuongeza.

Pana swali jingine ambalo wanafunzi hupenda kuliuliza: kama sisi tulikombolewa kwa thamani, aliyelipwa ni nani? Baadhi ya walimu wa Kanisa la kale, kama Origene, walifikiri ni Shetani. Gregorio wa Nazianzo alilikataa wazo hilo kwa ukali, na Anselm, aliyekuwa askofu mkuu wa Canterbury, katika kitabu alichokimaliza mwaka 1098, alisema deni ni la heshima ya Mungu, wala Shetani hadai kitu. Mimi si mtu wa kuamua kati ya wakubwa hao, lakini watu wa pwani yetu wana jambo la kuwakumbusha. Tarehe 1 Januari 1889, huko Rabai karibu na Mombasa, watoro waliokimbilia misheni walipewa hati za uhuru, wao pamoja na wenzao wa misheni nyingine za jirani, jumla yao zaidi ya 1,400. Mabwana zao walilipwa fedha kwa ajili yao, kwa mapatano yaliyofanywa na George Mackenzie wa Kampuni ya Kiingereza. Je, fedha zile zaonyesha kwamba mabwana walikuwa na haki juu ya watu wale? Hasha. Mtu aliyeibwa hawi mali ya mwizi wala ya aliyenunua kwa mwizi. Fedha zilionyesha jambo moja tu: kwamba kuwatoa kulimgharimu mtu. Katika Kutoka, sura ya 6, Mungu aahidi kuwakomboa Waisraeli kwa neno lile lile la goeli, na Farao hakupewa hata shekeli moja. Kwa hiyo napenda tuyaache maswali ya mpokeaji, tumtazame aliyetoa. Mtamba yule wa shemeji, fedha zake zilikwenda kwa jirani dhalimu. Lakini hakuna mtu kijijini asemaye kwamba jirani ndiye habari yenyewe.

Na "nafsi" inayotetewa ni kitu gani? Neno letu lilikuja kwa Kiarabu, nalo ni ndugu wa neno la Kiebrania, nefeshi, ambalo ni pumzi, ni koo, ni uhai wa mtu mzima mwenye njaa na kiu. Kwa hiyo wamekosa wasemao kwamba Mungu huitetea roho peke yake na mwili na shamba si kazi yake. Aliyelia shimoni alitaka kutoka na mikono yake na miguu yake.

Neno moja limebaki katika aya ile. Mwombaji asema Bwana amekwisha kutetea, amekwisha kukomboa; na aya inayofuata aomba tena ahukumiwe shauri lake, kana kwamba halijaanza. Adui wangalipo, mji ungali majivu. Wafasiri hushindana kama maneno yake ni ya jambo lililopita au ni ombi. Yamkini hakuona tofauti kubwa. Yeremia naye aliziweka hati zake katika chombo cha udongo. Ebedmeleki akaletewa neno la Bwana, sura ya 39, kwamba siku mji utakapotwaliwa hatatiwa mikononi mwa watu anaowaogopa, kwa kuwa alimtumaini Mungu. Yeremia mwenyewe akachukuliwa kwenda Misri bila kupenda, wala hapakuandikwa kwamba alirudi Anathothi akaliona shamba lake. Chombo kikabaki na hati ndani yake.